Nani Atahesabu Wagonjwa Kabla Hawajafika Hospitalini?

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo ya namna moja huanza katika nyumba nyingi, kuanzia Kitale na Kiminini hadi Kimilili, Webuye na Bungoma mjini. Mtoto amepata C+ au zaidi, alama za kumwingiza chuo kikuu, ila hazikufika kwenye udaktari. Basi wazee wa nyumba huketi. Mmoja anasema achukue ualimu, mwingine uuguzi, na mwingine, akipitia orodha ya kozi, anauliza: hii afya ya umma ndiyo nini, si ni wale wa kukagua vyoo? Swali huulizwa kwa kicheko, na mara nyingi kozi hiyo huishia kuchaguliwa shingo upande, kama kifuta machozi cha udaktari uliokosekana. Leo nitasema kinyume. Katika kaunti hizi mbili, Trans Nzoia na Bungoma, shahada ya afya ya umma ni miongoni mwa elimu tunazozihitaji sana na kuzitumia kidogo. Sababu yake ni moja: humfundisha mtu kuuliza kama jambo tulilolifanya kwa ajili ya afya limezaa matunda, na kulijibu swali hilo kwa hesabu badala ya kwa maneno ya jukwaani.

Tuanze na kazi yenyewe. Daktari hukutana na mtu aliyekwisha kuugua, tena mmoja mmoja. Mtu wa afya ya umma hutazama wadi nzima: kwa nini watoto wa ng'ambo hii ya mto wanaharisha kuliko wa ng'ambo ile, kwa nini malaria inazidi katika kijiji kimoja na kupungua katika kingine, kwa nini akina mama wa sehemu fulani huchelewa kuanza kliniki. Kwa miaka minne husomea epidemiolojia, yaani elimu ya kufuatilia ugonjwa ulianzia wapi, unamshika nani na unasambaa vipi. Husoma pia takwimu, lishe, usalama wa chakula, maji na usafi wa mazingira, sheria za afya, na namna ya kupanga mradi na kuupima. Masomo haya hayako mbali nasi, kwani Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko Kakamega, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret nacho kinafundisha taaluma hii. Tangu mwaka 2013 kuna sheria iliyounda baraza la kuwasajili na kuwapa leseni maafisa wa afya ya umma, kwa hiyo hii ni taaluma yenye mipaka, maadili na nidhamu yake. Na watu wa kuhudumiwa ni wengi: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia.

Ushahidi wangu wa kwanza unatoka Bungoma yenyewe. Kati ya 2012 na 2014, watafiti waliandikisha wajawazito 8,246 katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, kisha wakavigawa vijiji hivyo katika makundi kwa kura. Kundi moja lilipata klorini ya kutia majini pale pale panapotekwa maji, la pili vyoo vilivyoboreshwa, la tatu vifaa vya kunawia mikono, la nne chakula cha nyongeza cha watoto. Mengine yalipata mchanganyiko wa hayo, na mengine hayakupewa lolote kati ya hayo ili yawe ya kulinganishia. Mtu yeyote mwenye busara angeapa kwamba kuharisha kungepungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miaka miwili hapakuwa na kundi hata moja ambalo watoto wake walikuwa wakiharisha kidogo kuliko wale wa kulinganishia. Chakula cha nyongeza kiliwaongezea watoto kimo kidogo, na kukichanganya na maji, vyoo na sabuni hakukuongeza kimo zaidi ya hapo. La kushangaza ni kwamba utafiti pacha wa Bangladesh, uliofuata mpango uleule, ulipunguza kuharisha. Tofauti moja inayoonekana ni kwamba huko wahamasishaji walizitembelea nyumba mara kadhaa kila mwezi, ilhali huku kwetu walifika kama mara moja kwa mwezi, na kadiri muda ulivyopita idadi ya watu walioendelea kutia klorini ilishuka. Hata hivyo kazi haikupotea bure kabisa, maana watoto wa huku walipopimwa choo, minyoo aina ya askarisi ilikuwa imepungua katika makundi yaliyopewa klorini.

Tafakari mambo yangekuwaje kama mradi huo ungeendeshwa kwa moyo mwema peke yake. Ripoti ingeandikwa kuwa vyoo vimejengwa, klorini imesambazwa, akina mama wamefundishwa, picha zimepigwa, na kila mtu angepongezwa. Hakuna ambaye angejua kwamba mtoto bado anaharisha vilevile. Sasa linganisha na jirani zetu wa Busia, ambako chemchemi za vijijini zilijengewa saruji ili maji yatoke kwa bomba pasipo uchafu wa juu kuingia. Huko watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, waligundua kwamba kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua kwa takriban robo. Ongeza chanjo ya malaria, iliyozinduliwa nchini mwaka 2019 katika kaunti nane za magharibi na za kandokando ya ziwa, Bungoma ikiwa mojawapo. Sehemu nyingine zilianza kuchanjwa mapema na nyingine baadaye, ili tofauti iweze kupimwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi tatu za majaribio, yaani Ghana, Malawi na Kenya, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Hapo tuna mambo matatu yaliyoonekana yote kuwa mema: moja halikupunguza kuharisha hata kidogo, la pili lilikupunguza kwa robo, la tatu liliokoa uhai. Hakuna hata moja kati ya majibu hayo ambalo mtu angeweza kulibahatisha akiwa ofisini. Yalipatikana kwa kuhesabu, na huko kuhesabu ndiko kunakosomewa.

Kuna jambo jingine ndani ya habari hizi ambalo linapaswa kutuuma. Mengi ya maswali hayo yaliulizwa na kugharamiwa na vyuo na wafadhili wa ng'ambo. Watoto ni wetu, visima ni vyetu, na wahojaji wengi walikuwa vijana wetu, lakini swali lilitoka kwingine, na fedha zilipokwisha, swali nalo lilikwisha. Kaunti haiwezi kungoja mfadhili aje ndipo ijijue. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti huduma za msingi za afya, leseni na udhibiti wa wanaouzia umma chakula, na uzoaji wa taka. Aliyepewa kazi hiyo lazima awe na watu wake wa kuuliza kama inafanyika vizuri. Watu hao ndio shahada hii hukusudia kuwatoa.

Tazama mahindi, ambayo ndiyo maisha ya Trans Nzoia. Mwaka 2004, katika kaunti za mashariki ya nchi, hasa Makueni na Kitui za leo, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Halmashauri ya nafaka hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Sasa kila mkulima wa Kwanza, Cherangany au Kiminini anajua jinsi mvua za mwisho wa mwaka zinavyoweza kumkuta amevuna na gunia halijakauka. Mahindi yale yanayokataliwa ghalani huenda wapi? Mengine huingia sokoni, kwenye posho mill, kwenye chakula cha mifugo. Sumu hiyo ikila mwili pole pole kwa miaka huchangia saratani ya ini, na mgonjwa atakapofika hospitalini hakuna atakayekumbuka gunia lenyewe. Hapo hakuna chumba cha upasuaji kitakachotuokoa. Panatakiwa mtu anayejua kupima nafaka, kufuatilia njia inayopitia, kusoma sheria ya vyakula, na kuzungumza na wafanyabiashara bila kuwaangamizia riziki.

Tazama pia Mlima Elgon. Januari 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapo Bungoma, alifia Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kutembelea pango la Kitum, upande wa Endebess. Daktari mmoja aliyemhudumia akaambukizwa, ila akapona. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, aliyekuwa ametembelea pango hilohilo, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Kisha Oktoba 2017 Marburg ikazuka wilaya ya Kween, upande wa Uganda wa mlima wetu, ikawaua wote watatu waliougua. Mmoja wao alikuwa amevuka mpaka kuingia Kenya kabla ya kufa, na ikabidi watu wa afya wa Trans Nzoia na Pokot Magharibi waingie vijijini kuwatafuta aliokutana nao, mmoja baada ya mwingine, na kuwaangalia siku hadi siku. Upande wetu hakuna mgonjwa aliyethibitishwa, na Desemba mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Kazi ya namna hiyo ikifaulu haionekani, kwa sababu matunda yake ni msiba ambao haukutokea. Ndiyo maana ni rahisi kuisahau bajeti inapopangwa, na ndiyo maana mipaka ya Suam na Lwakhakha inahitaji watu waliosomea ufuatiliaji kabla tarumbeta haijapigwa.

Sasa nisikilize mapingamizi, maana yapo, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba tayari tuna watu wa kutosha. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa na simu ya kuandikia taarifa. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC nacho, chenye kampasi Kitale, Webuye na Bungoma, hutoa wahitimu wa stashahada na cheti. Shahada ya nini tena? Nakubali kwamba wahamasishaji ndio mguu wa mfumo wote, na kwamba afisa wa stashahada aliyekaa wadi moja kwa miaka kumi anajua mengi ambayo mhitimu mpya hayajui. Lakini angalia kinachotokea kwa taarifa zile. Mhamasishaji anapima shinikizo la damu, anaandika nani anaharisha na nani hajachanjwa, na anatuma. Taarifa hizo zisipopata mtu wa kuzisoma kwa pamoja, akatambua kwamba kata mbili zimeanza kutofautiana na akauliza sababu, zitakuwa kama mahindi yaliyovunwa yakaachwa shambani yanyeshewe. Kadiri tunavyoongeza wakusanyaji, ndivyo hitaji la mchambuzi linavyoongezeka. Kila ngazi ina kazi yake, na njia ya kutoka stashahada kupanda hadi shahada inapaswa kuwa wazi na isiyomfilisi anayeipita.

Pingamizi la pili husema hivi: zahanati haina dawa, akina mama wanasubiri kwenye foleni, halafu unataka tumlipe mtu wa kuhesabu? Hili ni lalamiko la haki. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na mgonjwa aliye mlangoni hawezi kuambiwa arudi tungali tunafanya utafiti. Lakini foleni ile ina chanzo. Mtoto wa malaria, mtoto wa kuharisha, mzee wa shinikizo la damu lililogunduliwa likiwa limekwisha kumpoozesha, hao wote walipita mahali fulani ambapo wangeweza kuzuiwa wasifike. Ukutani mwa zahanati zetu pameandikwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba, lakini mtu akitaka kujua tunachokiamini kwa kweli atazame tunakofungulia pochi. Hospitali mpya hukatwa utepe na kiongozi husimama mbele ya kamera. Chemchemi iliyojengewa saruji haina utepe. Sisemi hospitali zisijengwe. Nasema kwamba kaunti inayojenga vitanda bila kuajiri watu wa kupunguza wanaovilalia itajenga vitanda milele.

Pingamizi la tatu linamhusu yule bwana afya tunayemjua sokoni: anayefika hotelini asubuhi, anatishia kufunga, kisha mambo yanamalizikia nyuma ya pazia. Watu wengi hawaiamini taaluma hii kwa sababu wameijua kwa faini. Chimbuko lake ni la kihistoria pia, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilitungwa mwaka 1921 chini ya ukoloni, wakati ambapo mkaguzi alikuwa mkono wa serikali wa kuamuru na kubomoa. Siwatetei wanaokula rushwa. Lakini nidhamu yao ni kazi ya baraza la usajili na ya mwajiri, na dawa ya ukaguzi mbovu ni ukaguzi unaoeleweka: afisa anayeweza kumwonyesha mama mboga au mwenye kibanda cha chakula ni kosa lipi huleta ugonjwa upi, lipi linaweza kungoja na lipi haliwezi. Mtu aliyesoma kupima hatari hana sababu ya kufunga kibanda kwa ajili ya rangi ya ukuta huku maji ya kuoshea sahani yakiachwa hivyohivyo.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote, na silikwepi: kazi ziko wapi? Mzazi wa Chwele au Endebess anayeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kuuliza. Tangu 2023 ufadhili wa vyuo vikuu hupangwa kwa kutazama uwezo wa kila familia, mfumo ambao ulipingwa hadi mahakamani, na deni la mkopo humngoja mhitimu. Kwa muda mrefu wahitimu wengi wa afya ya umma wameishi kwa miradi ya wafadhili, ya Ukimwi, ya malaria, ya lishe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi nguzo hiyo ilivyo dhaifu, kwani wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini waliambiwa warudi nyumbani. Mwaka huohuo wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mkataba chini ya mpango wa Afya kwa Wote walikuwa Nairobi wakidai ajira ya kudumu. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba shahada hii ni hundi ya benki.

Hata hivyo ukosefu wa ajira na ukosefu wa kazi ni mambo mawili. Kazi imejaa: imo kwenye visima, kwenye maghala, kwenye machinjio, kwenye mpaka, kwenye taarifa zisizosomwa. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuilipia. Kama tatizo ni uamuzi, dawa yake ni kuubadilisha uamuzi huo, kwa kuwa ukimwambia kijana asisome bado visima vitabaki bila mtu. Nguvu ya kuubadilisha ipo mikononi mwa bunge la kaunti linalopitisha bajeti na mwa wananchi wanaoitwa kutoa maoni. Tena kijana naye ana la kufanya. Anayetoka chuoni akiwa amekariri maana za istilahi atateseka sokoni, lakini anayeweza kuchukua takwimu za zahanati moja ya Sirisia, akazisafisha, akazichambua na kuandika kurasa mbili ambazo mjumbe wa wadi anaweza kuzielewa, huyo anahitajika na kaunti, na kiwanda, na shule ya bweni, na chama cha ushirika cha maziwa. Vyuo navyo visituangushe. Mwanafunzi wa afya ya umma anayemaliza miaka minne bila kufuatilia ugonjwa halisi katika kijiji halisi amepewa karatasi, hakupewa taaluma. Miezi ya mafunzo ya nyanjani isiwe ya kutumwa chai na kupanga mafaili. Iwe ya kuuliza swali moja la mahali pale na kurudisha jibu kwa watu wa mahali pale.

Hukumu yangu basi ni hii. Udaktari na afya ya umma ni kazi mbili, na kijana anayependa hesabu, anayependa kuuliza kwa nini, na asiyechoka kutembea vijijini, asiione kozi hii kuwa fidia. Aichague wazi akijua ugumu wa ajira uliopo. Mzazi asimcheke mwanawe kwa ajili ya vyoo, maana vyoo na visima vimeokoa watu wengi duniani kuliko tulivyo tayari kukiri. Na wewe msikilizaji wa Trans Nzoia na Bungoma, siku utakapoitwa kwenye kikao cha maoni kuhusu bajeti ya kaunti, usiishie kuuliza zahanati itajengwa lini. Uliza kama wadi yako ina afisa wa afya ya umma aliyesajiliwa, uliza taarifa za wahamasishaji wenu zinasomwa na nani, na uliza mradi wa mwaka jana ulipunguza ugonjwa gani. Wakikosa jibu la swali hilo la tatu, waambie waajiri mtu aliyesomea kulijibu.